Siyo nuksi, ni soko letu la magari

Mama mkwe wangu ana maelezo yake kuhusu kuharibika kwa kila gari ninalonunua. "Baba, hiyo ni nuksi. Nenda kaoge maji ya bahari," ananiambia, na wala hatanii. Shemeji yangu yeye analaumu rangi nyeusi. Nawasikiliza wote kwa heshima, lakini sikubaliani nao. Mtu anayenunua gari mkononi mwa mtu hapa Dar es Salaam, halafu likamfia katikati ya foleni, hana nuksi yoyote. Ameuziwa kitu katika soko ambalo limekaa hivyo.

Gari la kwanza lilikuwa kigari cha cc 1300, cha namba za usajili za herufi C, kimepulizwa rangi kikang'aa. Dalali alikisifu kwa maneno ambayo kila aliyewahi kutafuta gari mjini hapa ameshayakariri: mwenye gari ni mama mtu mzima, anaendea kazini na kanisani tu, injini na giaboksi havijaguswa, ni wewe tu na mafuta yako. (Huyo mama lazima awe tajiri mno, maana nimeshaonyeshwa magari yake Sinza, Tabata na Kigamboni.)

Haikuchukua muda. Foleni ya Mwenge, jioni, mshale wa joto ukaanza kupanda. Aliyewahi kuendesha gari linalochemsha anaujua mchezo: unazima AC, unashusha vioo, unawasha hita ili kuipunguzia injini joto, na abiria wako wanakuangalia kama umerukwa na akili. Tulilisukuma mpaka kwa fundi mmoja chini ya mwembe. Akasubiri lipoe, akafungua mfuniko wa rejeta, maji yakatoka mekundu kwa kutu. Akafungua mahali pa thamostati. Hamna kitu. Thamostati ilishang'olewa zamani.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu jambo hili linawatesa wengi. Mafundi wetu wengi huing'oa thamostati wakisema hiyo ni ya nchi za baridi. Siyo kweli. Kazi yake ni kuifanya injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi, kama nyuzi 80 hadi 90 hivi, na kuibakiza hapo. Ukiitoa, injini inakaa baridi barabara ikiwa nyeupe, kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza umeiwasha na inazidisha petroli. Kisha, badala ya kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoozea injini, anayeikuta gari hiyo anajaza maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi. Chumvi ikikutana na chuma na joto, mirija ya rejeta inaziba, pampu ya maji inaliwa, na siku moja gasketi ya silinda hedi inaungua. Aliyeanzisha yote haya aliokoa bei ya kidude kinachoenea kiganjani, labda wamiliki wawili kabla yangu. Hakuandika popote. Bili nikalipa mimi.

La pili lilikuwa na giaboksi ya CVT, ile inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida. Giaboksi hizo zina mafuta yake maalumu. Ile ya kwangu, fundi alipoifungua, akakuta ATF, mafuta ya giaboksi za otomatiki za kawaida, imejazwa humo. Nilikuwa nimeshaanza kuona dalili kwenye kilima cha Kimara: injini inalia, gari haliendi. Tukaenda kutafuta giaboksi nyingine mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, ambako nako unanunua kitu kilichotoka kwenye gari usilolijua, na dhamana yake inaishia mlangoni mwa duka.

La tatu sitalisimulia sana. Liliwahi kuzama kwenye mafuriko, na mchanga uliojificha kwenye reli za viti ndio ulionipa habari.

Sasa mniambie nuksi iko wapi hapo. Angalia mtu anauza gari lini. Anauza pale fundi anapomtajia bei ya kufungua injini, au giaboksi inapoanza kuteleza, au mvua za masika zinapolipitia. Gari zima haliingii sokoni: linachukuliwa na mdogo wake, shemeji, au mfanyakazi mwenzake ambaye amekuwa akilimezea mate muda mrefu. Linalomfikia dalali ni lile ambalo watu wa karibu wamelikataa kimyakimya. Mwanauchumi Mmarekani George Akerlof alilieleza hili mwaka 1970: muuzaji akijua ubovu na mnunuzi asijue, mnunuzi hulipa bei ya wasiwasi, na kwa bei hiyo mwenye gari zuri hakubali kuuza. Mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Dalali yeyote wa Magomeni angemweleza hayo bila karatasi.

Na usiniambie niende na fundi. Nilienda na fundi. Fundi wa kukagua ana chai yake kwako, halafu dalali naye anamwekea ya kwake, na biashara isipofanyika chai ya pili haipo. Sisemi wote wako hivyo. Nasema mpangilio wenyewe unamvuta upande mmoja.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuagiza Japani. Ni kweli kule gari binafsi hukaguliwa na serikali likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na cheti cha kulisafirisha nje huonyesha kilomita zake. Lakini piga hesabu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa kulingana na cc, na ule wa uchakavu kwa magari makuukuu. Mwenye mshahara wa kawaida anarudi kwa dalali.

Linaloniuma zaidi ni kwamba watu wa Dar ni hodari wa kuandika kwenye magari. Tunachora namba ya gari kwenye kila kioo, kila taa, mpaka saitimira, kwa kuogopa vibaka. Lakini oili ilibadilishwa lini, mkanda wa injini ulifungwa lini, hakuna anayeandika. Hata kile kikadi wanachokufungia ukibadilisha oili, wengi wetu tunakitupa.

Sheria nayo ina mipaka. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamdai muuzaji zaidi pale anapokuwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo. Kwa mtu na mtu, mkataba wa mauziano kwa wakili kwa kawaida unakuwa na ile sentensi ya mnunuzi kuliona gari na kuridhika nalo, na wewe unatia saini huku ukitabasamu.

Ninachokitaka mimi ni kidogo. Gari likibadilishwa jina Mamlaka ya Mapato (TRA), tunapeleka mkataba na kadi, na tunalipia. Hapohapo kilomita zisomwe na ziingizwe kwenye kumbukumbu za gari, ili mnunuzi anayefuata azione. Mtindo wa kurudisha kilomita nyuma ungepata shida kubwa, na hakuna ofisi mpya ya kujenga.

Gari ninaloendesha sasa nililipata Tegeta kwa mzee mmoja mstaafu. Bampa imekwaruzika, rangi imepauka, na dalali aliyenipeleka aliona aibu kulisifu. Mzee alitoa daftari la shule: tarehe, kilomita, aina ya oili, jina la fundi, risiti zimebanwa kwa pini. Mpaka siku aliyobadilisha thamostati, ameandika. Alitaka laki tano zaidi ya bei ya mtaani. Dalali akaninong'oneza, "Bosi, huyu mzee tumshushe." Nikamlipa mzee bei yake, na daftari nikaomba libaki kwangu.