Nautilus ya 1954 na nusu ya picha isiyoonekana

Watazamaji wa 20,000 Leagues Under the Sea, filamu ya Walt Disney iliyoongozwa na Richard Fleischer na kutoka Desemba 1954, wamegawanyika kwa miaka mingi. Wapo wanaoiona kuwa mama wa filamu za nyambizi: James Mason akiwa Kapteni Nemo, kinanda kikubwa kama cha kanisani ndani ya sebule ya mahameli, na nyambizi yake Nautilus yenye miiba mgongoni na macho kama ya mnyama. Na wapo wanaosema waziwazi kwamba inachosha. Dakika 127, wanasema, na cha maana humo ni kimoja tu, pambano na pweza. Kwingine ni watu wenye kofia za chuma wanaotembea chini ya bahari kana kwamba hawana haraka ya kufika popote.

Wanaolalamika wana haki yao, na mwishoni tutafika kwenye lawama ambayo haina jibu. Ila hii ya uchovu imeelekezwa pabaya. Sehemu wanayoisifu ndiyo iliyohitaji kiraka, na ile wanayoiruka ndiyo iliyofanya kazi bila kiraka.

Tuanze na mnyama mwenyewe, ambaye ni ngisi, si pweza: juu ya minyiri minane ana mingine miwili mirefu ambayo pweza hana. Pambano lake lilipigwa picha mara mbili. Mara ya kwanza bahari ilikuwa shwari, jua linazama, mbingu nyekundu. Mwanga ule uliumbua kila kitu. Nyaya zilizoinua minyiri zilionekana. Mwili ulikunywa maji, ukawa mzito, nyaya zikaanza kukatika. Mnyama akilala tu juu ya sitaha, inabidi waigizaji wajiviringishe naye wenyewe ili waonekane wanakabwa. Kazi ikasimamishwa. Robert Mattey, fundi wa mitambo ambaye miaka 20 baadaye alishughulikia papa wa filamu ya Jaws, akaunda ngisi mwingine, na tukio likaandikwa upya liwe usiku, katika dhoruba, ndani ya tangi la maji la studio.

Dhoruba iliponya kwa sababu tatu. Giza lilimeza nyaya. Mawimbi na manyunyu yaliziba pale mwili wa ngisi unapokutana na maji, mahali ambapo udanganyifu wa aina hii hugundulika kwanza. Na mtikisiko wa chombo ukawapa watu sababu ya kuyumba hata pale ambapo mnyiri haukuwavuta kwa nguvu ya kutosha. Ni kazi ya werevu mkubwa, na Oscar ya athari maalumu ambayo filamu hii ilipata haikutolewa kwa upendeleo. Hata hivyo ni kazi ya kuficha. Kasi yake inatokana na hitaji la kutokuruhusu jicho litue popote.

Sasa linganisha na mazishi. Profesa Aronnax, mwanasayansi, yuko ndani ya Nautilus iliyo tupu, anachungulia dirishani, anaona msafara wa watu wakibeba maiti ya mwenzao kwenda kuizika sakafuni mwa bahari. Hakuna maneno. Kila kitu kiko wazi, kwenye mwanga, na jicho linaachwa litue litakapo.

Sehemu hizi zilipigwa Bahamas, karibu na Nassau, ndani ya maji ya kweli, na wapiga mbizi waliobeba hewa yao wenyewe bila bomba la hewa la kupanda hadi juu. Maji ni mazito kuliko hewa takribani mara 800. Mtu aliyevaa viatu vya uzito hawezi kukimbia humo. Kila hatua ni kusukuma ukuta. Akiugusa mchanga kwa nguvu, wingu linapanda na kamera haioni kitu mpaka litulie. Rangi nyekundu hufifia kabla ya nyingine zote, na ndani ya mita 10 huwa imebaki kidogo sana. Mwongozaji hawezi kupaza sauti, kwa hiyo kila mwendo hukubaliwa nchi kavu kabla ya kuzama, na kosa moja hula hewa iliyopangiwa picha nyingine.

Ipo njia ya mkato, na filamu nyingi zimeitumia: unapiga studio pakavu, unajaza moshi, unaendesha kamera kwa kasi ili mwendo uonekane wa polepole. Inagundulika upesi. Mapovu hayapandi, na nguo inaanguka chini badala ya kuelea. Katika mazishi ya Nautilus mapovu yanapanda, na unaona bega la mtu likitangulia mguu wake kwa sababu maji yanamzuia kiunoni. Hicho ndicho kinachoitwa polepole. Ukiikata kila picha iwe ya sekunde mbili, unabaki na mikao ya watu bila uzito wao. Wala mhariri hakuwa mtu asiyejua kasi: Elmo Williams alikuwa mmoja wa wahariri wawili waliopata Oscar kwa High Noon, filamu ambayo saa ya ukutani ndiyo inayoibana hadithi nzima. Alipoacha picha iendelee, aliiacha kwa makusudi.

Kwa nini basi watu wengi wenye macho mazuri wanaona uchovu tu? Jibu moja linasahaulika mno: wengi wao wameona nusu ya filamu.

Ilipigwa kwa CinemaScope. Lenzi huibana picha kwa upana wakati wa kupiga, na nyingine huitanua wakati wa kuonyesha. Waliojenga filamu hii waliijua hesabu hiyo kiasi kwamba walitengeneza hata mfano mdogo wa Nautilus uliobanwa ubavuni, ili upigwe kwa lenzi ya kawaida kisha unyooke ukumbini. Upana uliotoka ni mara 2.55 ya kimo. Televisheni za zamani na kanda za video zilikuwa na 1.33. Gawanya: inabaki asilimia 52 ya upana. Asilimia 48 ilitupwa, na kilichobaki kilichaguliwa na fundi aliyesogeza fremu kushoto na kulia.

Hebu fikiria asilimia 48 inatoka wapi. Si anga wala sakafu, kwa sababu kimo hakikuguswa. Inatoka pembeni, na pembeni ndiko msafara uliko. Unapoona wabeba maiti huwaoni wanaofuata nyuma. Unapowaona wafuasi, maiti imeshatoka. Mstari wa watu, ambao ndio maana yote ya mazishi, haupo tena, na linalobaki ni mtu mmoja au wawili wakitembea taratibu kwenye maji ya bluu bila sababu. Mtu anayesema inachosha, kwa picha hiyo aliyoiona, anasema kweli. Ndivyo ilivyo pia kule Rura Penthe, gereza la kazi ngumu katika hadithi, ambako Nemo anamwonyesha Profesa wafungwa wakibeba mizigo kwenda melini. Mateso yale yanasimuliwa kwa urefu wa foleni. Ukikata foleni umekata ushahidi, na Nautilus itakapoizamisha meli hiyo baadaye, Nemo anaonekana kichaa tu. Pambano la ngisi, kwa upande wake, halikudhurika sana, kwa kuwa limejengwa kwa picha za karibu na vurugu katikati ya fremu. Ndiyo maana vizazi vya watazamaji wa televisheni vilikumbuka ngisi na kusahau mengine.

Tatizo halijaisha na kanda za video. Kwenye kioo cha 16:9 filamu hii hukaa na mistari myeusi juu na chini, ikitumia asilimia 70 ya kimo. Ukitanua kwa vidole viwili ili kujaza kioo, unatupa asilimia 30 ya upana. Kwenye simu ndefu za 20:9 unatupa kama asilimia 13, na hata hiyo inatosha kumla mtu wa mwisho katika msafara. Iache mistari myeusi ilivyo. Kwenye televisheni, tafuta mpangilio wa ukubwa wa picha na uzime ukuzaji.

Kuhusu nyimbo za baharia Ned Land, anayechezwa na Kirk Douglas, na simba-bahari Esmeralda, wanaolalamika na wanaopenda watabaki walivyo. Douglas anacheza kwa nguvu za jukwaani, na ni kweli kwamba anamvuta mtazamaji kutoka kwa Mason, ambaye hufanya kazi yake kwa sauti ya chini. Waliosoma jina la filamu kama kipimo cha kina nao wasiilaumu kwa kutofika huko: “leagues” ni ligi, kipimo cha kale cha umbali, na ligi 20,000 za Kifaransa, kwa kilomita 4 kila moja, ni umbali wa safari, kilomita 80,000, na bahari yenyewe haifiki kilomita 11 kwenda chini.

Lawama isiyo na jibu ni kisiwa. Ned anashuka pwani ya New Guinea, anakimbizwa na wenyeji waliofanywa wala watu, na Nautilus inawafukuza kwa kutia umeme kwenye sitaha. Wanaruka, na muziki unatuambia tucheke. Filamu imetoka kutuonyesha wafungwa wa Rura Penthe kwa heshima kubwa, na hao wa kisiwani hawapewi jina wala neno moja. Jules Verne mwenyewe, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hii, katika kitabu cha baadaye, alimfichua Nemo kuwa Dakkar, mwana wa mfalme wa Kihindi aliyepoteza familia yake kwa kupigana na utawala wa Waingereza. Nemo yule wa 1954 hana asili hiyo, na pengine ndiyo maana aliweza kuwasha swichi ile bila uso wake kubadilika. Hapa kuirudisha picha kwenye upana wake hakusaidii kitu, kwa sababu kwenye 2.55 wanaoruka juu ya sitaha wanaonekana wote.