Kura ya maoni iliyofungia vitumbua

Jana asubuhi nilinunua vitumbua vinne pale Chikongola, hapa Mtwara, kwa mama mmoja ninayemwita shangazi ingawa undugu wetu wote ni daftari lake la madeni. Akanifungia kwenye karatasi, nikaenda zangu dukani. Kufungua, mafuta yameshaingia mpaka maandishi ya upande wa pili yanaonekana, yamepandana na ya upande huu. Nikasoma "wakulima". Nikasoma "wavuvi". Nikasogeza kitumbua kilichokuwa kimekalia wafugaji, nikageuza karatasi.

Katiba Inayopendekezwa, jamani. Ile sehemu ya haki za wakulima, wafugaji na wavuvi.

Nikarudi kumuuliza. "Shangazi, karatasi hizi umezitoa wapi?" Akanitazama kama anayetazama mtu wa ushuru. "Kuna ofisi walikuwa wanasafisha stoo, mwanangu. Maboksi yameshaanza kuliwa na mchwa, wakasema anayetaka abebe. Karatasi yake nzuri, haichaniki ovyo kama gazeti."

Leo ni tarehe 30 Aprili 2025. Najua wengi mmesahau, maana hata mimi nimekumbushwa na kitumbua: leo imetimia miaka kumi kamili tangu siku tuliyopangiwa kwenda kuipigia katiba hiyo mpya kura ya maoni, ndiyo au hapana, tukalale. Tarehe 2 Aprili 2015, zikiwa zimebaki wiki nne, Jaji Lubuva wa Tume ya Uchaguzi akatutangazia kwamba imeahirishwa mpaka itakapotangazwa tena. Uandikishaji wa wapiga kura kwa BVR, zile mashine za alama za vidole, haujakamilika. Basi. Miaka kumi ndiyo hiyo, na hakuna aliyetangaza kitu. Haikufutwa, haikufanyika. Iko kama mgeni aliyesema anapita dukani mara moja.

Nina sababu ya kukasirika inayonihusu mwenyewe, naomba mnivumilie niisimulie.

Mjomba wangu (na kwetu Wamakonde mjomba si wa kusalimiwa tu, ndiye mwenye neno) alitoka kijijini kwake Newala mwaka 2012 kwenda kutoa maoni mbele ya Tume ya Jaji Warioba, iliyokuwa inakusanya maoni ya katiba mpya. Alivaa koti alilovaa kwenye harusi ya binti yake. Alisubiri toka asubuhi. Alipopewa kipaza sauti hakuzungumzia gesi, ingawa huku kwetu kila kijiwe kilikuwa kinaimba gesi, wala hakuzungumzia korosho. Alisema: mbunge tukishamchagua anahamia Dar es Salaam, tunamwona tena baada ya miaka mitano akiwa na fulana za kugawa, basi tupewe ruhusa ya kumuachisha kazi kabla ya muda. Akashukuru, akakaa.

Rasimu ilipotoka mwaka 2013, hilo jambo lilikuwemo! Wananchi kumuondoa mbunge wao. Mjomba alilisikia redioni, akanyoosha kidole: "Ile ni ya kwangu." Tulimtania mpaka tukachoka, tukamwambia Tanzania nzima watu wangapi walisema hivyohivyo. Hakujali. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake serikali ilikuwa imemsikia, na alikuwa na ushahidi wa redio.

Kilichofuata Dodoma mnakijua. Bunge Maalum lilianza Februari 2014, na kabla hata hawajakubaliana kanuni, baadhi ya waheshimiwa wakaanza na lililo muhimu: posho ya shilingi 300,000 kwa siku haitoshi. Aprili Ukawa, ule umoja wa wapinzani, wakatoka nje. Waliobaki wakaendelea, na Oktoba 2 wakapitisha. Muungano wa serikali tatu uliokuwa kwenye rasimu ukaenda na maji. Na ile ya mjomba ikaenda nayo, kwa sababu ukiwapa wabunge kalamu waandike namna ya kufukuzwa wabunge, unategemea nini?

Mjomba hakulia. Alisema, "Sawa, nitakwenda kuwakatalia kwenye kura." Akaanza kuisubiri.

Mashine za BVR zilipoingia huku kusini alikuwa kwenye foleni na kiti chake. Vidole vikakataa. Vimekwisha kwa jembe, vimeungua na utomvu wa maganda ya korosho miaka na miaka, havina tena mistari. Yule kijana akamfuta kwa kitambaa, akabonyeza tena, ikakataa. Mara ya tatu, kidole gumba cha kushoto kikakubali na foleni nzima ikapiga makofi. Akapata kichinjio chake, yaani kadi ya mpiga kura. Oktoba 2015 akapigia kura rais, mbunge na diwani. Ile kura aliyojiandikishia moyoni hakuipiga. Alifariki 2021. Kichinjio tulikikuta sandukuni, katikati ya stakabadhi za chama cha msingi.

Sasa nisikilizeni. Aprili 2015 mashine hazitoshi, daftari halijakamilika, haiwezekani. Oktoba 2015, mashine zilezile, vidole vilevile, uchaguzi mkuu ukafanyika tarehe iliyopangwa bila kuchelewa hata siku moja. Daftari si lilikuwa limekamilika? Mbona baada ya hapo hatukuitwa? Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Aprili ile vifaa kweli vilikuwa havijafika kwa wengi. Nakubali. Lakini sababu ya mwaka 2015 haiwezi kuendelea kufanya kazi mwaka 2025, hata mashine yenyewe itakuwa imeshakufa.

Na wala msiniambie mwaka wa uchaguzi ni mgumu kuweka kura ya maoni. Zanzibar, nchi hiihii, walipiga yao Julai 31, 2010, miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu. Asilimia 66 wakasema ndiyo, katiba yao ikabadilishwa, wakaingia kwenye uchaguzi na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikaundwa. Hakuna aliyeambiwa asubiri apate elimu. Kumbe wakubwa wakitaka kitu, inawezekana.

Baada ya hapo ikawa kila mwenye kiti ana sababu yake. 2018 Rais Magufuli akasema hadharani hana mpango wa kutenga fedha kwa ajili ya katiba. Mkali, lakini angalau alisema. 2021 Rais Samia akaomba katiba isubiri kwanza uchumi usimame. Kisha kikosi kazi cha Profesa Mukandala cha demokrasia ya vyama vingi, kikaleta ripoti 2022. Januari 2023 mikutano ya hadhara ikafunguliwa, na hilo silidharau hata kidogo, tukaambiwa mchakato unarudi; kabla mwaka haujaisha tukaambiwa kwanza wananchi wapewe elimu ya katiba, miaka mitatu. Miaka mitatu! Huo ni muda wa digrii. Nadhani mwishoni tutavalishwa majoho.

Mjomba aliishia darasa la nne. Alisimama mbele ya jaji akaeleza kasoro ya ubunge kwa sentensi mbili. Mwenye kuhitaji elimu hapo ni nani?

Lakini hasira yangu haipo kwenye visingizio. Visingizio tumevizoea, sisi wa kusini ndio tuliokuwa tunalala kwenye matope Ndundu kusubiri pantoni ya Rufiji mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Waulizeni watu wa Likong'o pale Lindi habari za kiwanda cha kusindika gesi, LNG. Kusubiri tuna shahada nako. Hasira yangu ni kile ambacho kusubiri kunakifanya, na hicho mtu wa Mtwara hahitaji kufundishwa, kwa sababu tunakiita kangomba.

Mkulima wa korosho hauzi kangomba kwa sababu ni mjinga. Bei ya mnadani anaijua. Anajua akipeleka ghalani, akasubiri mnada, akasubiri na malipo yaingie, atapata zaidi. Lakini ada ya mtoto haisubiri, na mgonjwa hasubiri. Basi jamaa anakuja usiku na bakuli lake, hata mzani hana, anapima kwa bakuli, anatoa pesa taslimu, na unampa kwa nusu ya bei ukimshukuru juu. Msimu wa 2018 tuliambiwa serikali inanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kubeba. Bei nzuri, nani angekataa? Ila kati ya kuitangaza ile bei na kuiona mkononi, miezi ikapita, uhakiki juu ya uhakiki, na wapo waliouza hata madai yao. Bei iliyotangazwa haikuteremka. Aliyeteremka ni mkulima.

Hivyo ndivyo tulivyofanywa na katiba. Tazameni gunia letu la 2012: tulitaka muundo wa Muungano uzungumzwe wazi, madaraka ya rais yapunguzwe, mbunge awajibike kwetu, rasilimali za mkoa zisemewe na wenye mkoa. Gunia limejaa mpaka mdomoni. Na 2025 tunaomba nini? Tunaomba mgombea asienguliwe kwa sababu kakosea herufi ya jina la baba yake. Tunaomba tume isiwe huru kwa jina tu. Tunaomba mabadiliko madogo, kidogo tu, jamani, hata kabla ya uchaguzi wa Oktoba tukipata mawili matatu tutashukuru. Tumeshafika kwenye bakuli! Hakuna aliyetushinda kwa hoja. Hakuna aliyesimama akatuambia serikali tatu ni mbaya tukakubali. Tumechoshwa tu, mmojammoja, na waliokuwa wanakumbuka bei wakafa kama mjomba. Na hao Chadema wanaoendelea kusema hakuna uchaguzi bila mabadiliko, mwezi huu mmeona walipo: mwenyekiti wao yuko mahabusu.

Kijana wangu wa dukani, ambaye dunia yote anaijua kupitia Ligi Kuu ya Uingereza, akaniambia, "Bosi, mbona hata Waingereza walicheleweshewa?" Kweli. Walipiga kura Juni 23, 2016 watoke Umoja wa Ulaya, asilimia 51.9 wakasema watoke, halafu wanasiasa wao wakaanza kuzungushana. Machi 2019 ikasogezwa Aprili, Aprili ikasogezwa Oktoba, na mpango wa waziri mkuu wao ulipelekwa bungeni ukapigwa 432 kwa 202. Wakatoka Januari 31, 2020. Watu waliandamana, wa upande huu na wa upande ule, wakatukana wabunge wao mpaka makoo yakakauka. Miaka mitatu na nusu.

Nikamwambia, wenzetu walikuwa na matokeo ya kudai. Kila mtu aliijua ile namba, hata aliyeichukia. Mwanasiasa akichelewesha matokeo yaliyohesabiwa, anaonekana mchana kweupe anakalia nini. Sisi tumecheleweshewa sanduku lenyewe, kwa hiyo hakuna namba ya kumkabili nayo mtu. Ukisema Watanzania walitaka, anakuuliza wangapi? Na hapo unabaki unamtazama.

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama Arsenal wanacheza lini tena. Simlaumu. Mwaka 2015 alikuwa na miaka kumi.

Kuna rafiki yangu mmoja huwa ananibana hapa, na leo naye nitampa haki yake kabla hajaanza. Anasema: wewe ungepiga hapana, kwa hiyo kuahirishwa kumekusaidia. Ingepita ile ya Dodoma tungekuwa nayo mpaka leo, tena ikiwa na muhuri wa wananchi. Hoja ina meno, nakiri. Ningepiga hapana, na huenda ningeshindwa. Lakini Wakenya waliikataa yao Novemba 2005, wakakaa, wakagombana, wakaandika nyingine, Agosti 2010 wakaipitisha. Hapana yao ndiyo iliyowalazimisha wakubwa warudi mezani. Mimi hapana yangu niliinyimwa, nikabaki na subiri, na subiri haimlazimishi mtu yeyote kurudi popote. Afadhali nishindwe kwenye kura niliyopiga kuliko kuachwa na kura niliyoahidiwa. Hapo sibishani tena na mtu.

Leo asubuhi nimepita tena kwa shangazi. Nilitaka anisalimishie nakala moja nzima, niiweke pamoja na kichinjio cha mjomba. Akapekua chini ya meza, akatoa mbili zilizobaki. Moja imeliwa katikati na mchwa. Nyingine nzima, ila kurasa za mwisho zimeshauzwa na vitumbua vya juzi, zile za masharti ya mpito.

"Shilingi mia tano," akasema. "Kwani hiyo kura bado tu?"

Nikamwambia bado. Akanifungia vitumbua vyangu, safari hii kwenye mtihani wa majaribio wa hisabati wa darasa la saba.