Pesa Zake Ziko Kule, Ndiyo Maana Simwamini

Juzi baada ya alasiri tulikuwa barazani hapa Bagamoyo, kahawa inazunguka, shemeji akatoa simu akatuonyesha kipande cha mahojiano ya zamani. Ray Dalio, bilionea wa Marekani, Novemba 2021 anaulizwa habari za watu wanaopotezwa China. Anajibu kwamba serikali ile ni kama mzazi mkali. Shemeji akasema, "Mmesikia? Huyu pesa zake ziko kule, anajua anachosema." Wazee wakaafiki. Mimi kahawa ilinishinda.

Pesa zake kuwa kule ndiko kunakonifanya nisimwamini.

Nenda mnadani ufukweni asubuhi, samaki wanaposhushwa. Dalali anapaza sauti kwamba changu ni wa leo. Hakuna mama lishe anayenunua kwa sauti ile. Anainama, anafunua shavu kwa kidole gumba, anatazama kama bado jekundu, anabonyeza tumbo, ndipo anataja bei. Simwiti dalali mwongo. Ila riziki yake imo kwenye mauzo, na akitangaza kwamba samaki wa nahodha fulani wameharibika, kesho nahodha atampa mzigo dalali mwingine. Mwekezaji naye anahitaji kibali cha kuingia China na kibali cha kutoa faida yake. Atasemaje?

Waliofungua mdomo tunajua yaliyowakuta. Jack Ma, tajiri wa China, aliwakosoa wasimamizi wa mabenki pale Shanghai, Oktoba 2020. Siku kumi baadaye uuzaji wa hisa za Ant Group, kampuni ya fedha aliyoianzisha, uliotarajiwa kuleta takriban dola bilioni 34, ukasimamishwa. Mwenyewe hakuonekana hadharani mpaka Januari 2021. Kama tajiri wa nyumbani hakusalimika, mgeni ataona faida gani kusema?

Haya, bandari na reli za kule wawekezaji wanazijua kuliko mimi. Na wapo kati yao walioikosoa China, bilionea George Soros wa Marekani mmojawapo. Dalio mwenyewe baadaye alikiri kwamba alijibu ovyo. Sawa.

Lakini lile neno "mzazi" linanichoma mpaka leo. Mzazi mkali namjua. Baba yangu alikuwa na fimbo ya mpera nyuma ya mlango, na tuliionja sote. Ila jirani akibisha hodi kuuliza kulikoni, baba alikuwa akimwita mtoto, naye anatoka uani na machozi yake, watu wanamwona kwamba yupo, mzima. Anayemchukua mtu usiku, kisha mama yake akazunguka ofisi hadi ofisi akiulizia aliko asijibiwe, huyo hamlei mtu. Jina la mzazi asipewe.

Nikamwambia shemeji: nitafutie video ya mama wa Kiuighur, wale Waislamu wa Xinjiang, magharibi mwa China, anayemtafuta mwanawe. Hiyo nitakaa nayo hata adhana ya magharibi inikute hapa.