Kanuni za mradi ziandikwe kutuondolea muhali

Mradi wetu ni mdogo. Ni programu huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuirekebisha, inayomwonyesha mvuvi, kwa Kiswahili na kwenye simu ya bei nafuu, saa maji yatakapojaa na saa yatakapokupwa. Tulianza watu watatu, tukafika kumi na kitu, wengi tukiwa hapa hapa Mombasa: Majengo, Likoni, Mji wa Kale. Hakuna anayelipwa.

Siku moja dada mmoja wa Kisauni alituletea marekebisho yake ya kwanza. Alikuwa ameliona kosa lililotupita sisi wakongwe. Mahesabu yetu yanafanywa kwa saa za kimataifa, na kwenye ukurasa mmoja tulisahau kuongeza yale masaa 3 ya Afrika Mashariki. Maji yanayojaa saa kumi alasiri yalionyeshwa yamejaa saa saba mchana. Siku za bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3, mvuvi anateremka pwani akijua mtumbwi utaelea, kumbe bado umelala mchangani. Alirekebisha mistari minne ya msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu. Akaomba pia saa ziandikwe kwa hesabu yetu, saa kumi iwe saa kumi na si kumi na sita.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mtu wetu hodari kuliko wote: "Nani kamruhusu huyu kushika msimbo? Ajifunze kwanza ndio aje kutufundisha." Wa pili akatia neno la jiko, sitalirudia hapa. Wa tatu akaweka vikaragosi vya kucheka.

Mimi ndiye msimamizi wa mradi. Niliyasoma yote usiku ule ule, nikaiweka simu chini. Nikajiambia nitamwambia yule bwana faragha, kesho, kwa upole. Kesho yake sikumwambia. Siku ya tatu yule dada akayaondoa marekebisho yake bila kuandika neno, na kosa la masaa 3 likabaki palepale.

Nimejiuliza sana kwa nini nilinyamaza. Sikuwa na shaka kwamba maneno yale ni mabaya. Mama yangu angeyasikia yakisemwa barazani kwetu, angetoka ndani. Kilichonishika ni muhali. Yule bwana amenipita umri, ndiye aliyenifundisha kuandika programu, nusu ya msimbo wa mradi ni jasho lake, na Ijumaa tunaswali safu moja. Nitamkosoa vipi mbele za watu? Kila mmoja kundini alikuwa na muhali wake na mtu yule yule, kwa hiyo tukamwachia mgeni peke yake mzigo wa kuumia.

Ndiyo maana watu wakiniambia kanuni za mwenendo, zile zinazoeleza wachangiaji watendeane vipi, ni mambo ya kigeni, eti sisi watu wa Pwani tuna adabu zetu, sikubaliani nao. Adabu tunazo, tena nyingi. Zinatueleza vizuri sana kosa ni lipi. Zinapokwama ni kwenye swali la nani atamwambia mkosaji, hasa mkosaji akiwa mkubwa. Hapo ndipo zinapoletwa methali za kumtuliza aliyetukanwa: funika kombe mwanaharamu apite. Ukishaifunika mara tano, mradi umebaki na wanaume wanne wanaosifiana.

Wala jambo hili halikuanzia kwetu. Wanaojenga kiini cha Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, mradi aliouanzisha Linus Torvalds mwaka 1991, waliishi miaka mingi na barua zake kali kwa wachangiaji, na kila mtu alizijua. Mwaka 2015 waliweka waraka mfupi ulioeleza kwamba kazi itakosolewa vikali, ukawaomba watu watendeane wema, ukataja na pa kulalamikia. Haukutosha. Septemba 2018 Torvalds aliomba radhi hadharani kwa maneno yake, akakaa kando wiki kadhaa, na mradi ukachukua kanuni mpya zilizotokana na Contributor Covenant, waraka wa kanuni za mwenendo ulioandikwa na mwanaprogramu Coraline Ada Ehmke mwaka 2014 na ambao sasa unatumiwa na maelfu ya miradi.

Na sisi tuliuchukua waraka huo huo. Tukaufasiri usiku mmoja, tukauweka, tukaridhika. Halafu nikamsomea mwenzetu mmoja kifungu cha unyanyasaji, nikamuuliza lile neno la jiko linaingia humo au haliingii. Akasema, "Ah, ule ulikuwa utani." Hakuwa akinidanganya. Kichwani mwake unyanyasaji ni jambo kubwa la mahakamani, na utani ni utani. Basi tukaurudia upya, safari hii tukayaandika maneno kama yanavyosemwa kwetu. Kifungu ninachokipenda kuliko vyote ni hiki: "Utani ni wa watu wanaojuana na wanaoweza kujibizana. Ukimtania mgeni, umemtukana." Hicho hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kingine kinakataza kumuuliza mtu karuhusiwa na nani. Mradi ni huria. Ruhusa imo kwenye leseni.

Bado nilikuwa sijafika penyewe. Nilimpigia simu yule dada, nikamwomba radhi, nikamsomea rasimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kaka, nikituma malalamiko kwenye hiyo anwani, anayafungua nani?"

Nikamwambia ni mimi.

"Na wewe na yule bwana si ni mtu na mwalimu wake?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumetumia wiki mbili kupanga orodha ya makosa, na dakika tano tu kwenye lile swali la nani anasikiliza. Kwa maoni yangu, anayeandika kanuni leo aanzie hapo. Aandike kwanza nani anapokea malalamiko, anajibu ndani ya siku ngapi, na itakuwaje anayelalamikiwa akiwa ndiye mwenye mradi. Sehemu nyingine mtu anaweza kuiazima.

Swali hilo la mwisho limewahi kuutikisa hata mradi mkubwa. Novemba 2021 timu nzima ya usuluhishi ya Rust, lugha huria ya kuandikia programu, ilijiuzulu kwa mkupuo, ikieleza kwamba timu kuu ya mradi haikuwa ikiwajibika kwa yeyote ila kwa yenyewe. Kanuni zao zilikuwa nzuri na wasuluhishi walikuwepo. Walichokosa ni uwezo wa kuwafikia wakubwa.

Sisi sasa tumeweka wapokeaji wawili, mmoja mwanamke, na hakuna kati yao mwenye funguo za mradi, yaani mamlaka ya kuuendesha. Malalamiko juu ya mmoja yanakwenda kwa mwenzake. Malalamiko juu yangu mimi yanaamuliwa na wao wawili, nami nimekubali kwa maandishi kwamba wanaweza kuniondolea funguo. Hatua za adhabu tumezitoa kwenye toleo la pili la Contributor Covenant: kurekebishwa, kuonywa, kusimamishwa kwa muda, na mwisho kutolewa moja kwa moja. Kupangwa huko kwa ngazi kunasaidia sana muhali. Watu wengi hawasemi kitu kwa kuogopa kwamba wakisema, mtu atafukuzwa. Wakijua ngazi ya kwanza ni kuambiwa tu na kuomba radhi, ulimi unakuwa mwepesi.

Tulibishana sana juu ya sitara. Mmoja alitaka kila kitu kiwe siri, kwa sababu kumwanika mtu si tabia yetu. Msimamo wangu ni kwamba jina la aliyelalamika lisitiriwe kabisa, lakini kwamba kosa limetokea na limeamuliwa, hilo liandikwe waziwazi. Tukisitiri na kosa lenyewe, mgeni wa pili ataingia bila kujua kama mahali hapa panalindwa. Tulipiga kura, wazo langu likapita kwa kura moja tu, na najua wenzangu wengine hawajaridhika.

Kabla ya kuchapisha nilikwenda kwa yule bwana nyumbani kwake, baada ya alasiri. Alisoma karatasi yote akiwa amesimama mlangoni, kisha akaniuliza, "Hii imeandikwa kwa ajili yangu?" Nikamjibu ndiyo, na kwa ajili yangu mimi niliyenyamaza. Alikaa kimya muda mrefu. Aliniambia ataifikiria, akaagiza chai. Hajatia saini mpaka leo, ingawa lile jibu lake kwa yule dada kaliondoa mwenyewe.

Yule dada hajarudi kundini, na sikumshurutisha. Nilimwomba ruhusa tuitumie ile mistari yake minne. Alikubali kwa sharti kwamba jina lake liwepo. Lipo. Maji ya saa kumi alasiri sasa yanasomeka saa kumi alasiri.