Kiungulia Hupewa Pole, Uzito Hupewa Mahubiri

Juzi, katika kikao cha kamati ya harusi ya binti wa jirani yetu, fundi alikuwa akizunguka na futi yake shingoni akiwapima akina mama kwa ajili ya sare. Aliponifikia mimi, mama mmoja wa makamo, ambaye nilikuwa nimemwamkia kwa adabu zote nilipoingia, aliuliza kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa wakimenya vitunguu uani: "Mwanangu, si wewe ndiye uliyekwenda India kukatwa utumbo? Mbona kama umerudi palepale?" Mwenzake akadakia kwamba hela zile zingeezeka nyumba na chenji ikabaki. Fundi, Mungu amjalie wateja wengi, aliandika vipimo vyangu mwenyewe, kimya kimya, ilhali vya wenzangu wote alikuwa akimtajia msaidizi wake kwa sauti.

Nilicheka, kama tunavyocheka sote tunapochomwa mbele za watu. Jibu ninalo, ila halikuwa na nafasi katika kikao kilichokuwa na ajenda ya michango, kwa hiyo nalitoa hapa. Nilifanyiwa slivu, yaani upasuaji wa kukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula ili mtu apungue, nikapungua, nikakaa miaka kadhaa katika mwili huo mpya, kisha sehemu ya kilo zikarejea. Palepale sijarudi, ingawa najua kwamba habari ya kurudi palepale ni tamu zaidi kusimulia. Sasa ninafikiria kwa dhati kupanda tena kitanda cha upasuaji ili slivu ile igeuzwe kuwa baipasi, yaani kubakiza kifuko kidogo cha chakula na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo. Sijaamua. Nikiamua, sitakuwa wa kwanza: Diego Maradona alifanyiwa baipasi mjini Cartagena, Kolombia, mwaka 2005, na mwaka 2015 akafanyiwa upasuaji wa pili mjini Maracaibo, Venezuela, na huyo ni mtu aliyepita ngome nzima ya Waingereza akiwa na mpira mguuni, hivyo sidhani kama kuna wa kumfundisha juu ya mazoezi.

Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni kiungulia. Asidi hunipanda usiku, nalala nusu nimekaa, omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, iko kwenye mkoba, kwenye gari na kwenye droo ya ofisini, na endoskopi ya karibuni, kile kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni, ilionyesha michubuko sehemu ya chini ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ya pili ni uzito wenyewe, pamoja na sukari, ambayo baada ya upasuaji ilishuka vizuri na sasa imeanza tena kupanda. Upasuaji unaopendekezwa kwa sababu zote mbili ni uleule mmoja, unaofanywa kwa matundu yaleyale madogo na kwa mikono ya daktari yuleyule. Hata hivyo, ninapowaambia watu kwamba nafikiria upasuaji kwa ajili ya kiungulia, napewa pole, natafutiwa namba ya daktari bingwa, na kuna aliyejitolea kuniuguza hospitalini. Ninapowaambia kwamba ni kwa ajili ya uzito, sura zinabadilika. Naulizwa kama natembea, nakula saa ngapi ugali wangu wa usiku, kama nimejaribu maji ya ndimu na tangawizi, na kama nimeomba. Nimewajaribu makusudi watu wa aina zote, ndugu wa damu wakiwemo, na sababu ya kwanza haijawahi kuniletea mahubiri wala ya pili haijawahi kuniletea pole.

Wenye makoti meupe nao wamo. Daktari mmoja, nisiyemtaja yeye wala hospitali yake, alifungua faili langu, akaona tarakimu ya mzani, na kabla hajauliza nilifanyiwa upasuaji wa aina gani, akasema, "Dada yangu, daktari hupunguza tumbo, tamaa unapunguza mwenyewe." Ilionekana wazi kwamba usemi ule ameshautumia kwa wengi na bado unampendeza. Nilipotaja asidi ya usiku na majibu ya endoskopi, aliketi sawasawa, akachukua kalamu, akaanza kuniuliza maswali ya kitabibu. Mgonjwa alikuwa yuleyule, kilichobadilika ni kwamba sasa nilikuwa na ugonjwa wenye heshima.

Hapa ndipo ninapokataa kunyamaza. Slivu huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, pamoja na ile sehemu ya juu inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni ya kuamsha njaa, na ndiyo maana miezi ya mwanzo mtu hukumbushwa kula kama anavyokumbushwa dawa. Lakini mwili una hesabu zake, na uzito unaoshuka huuhesabu kuwa ni hasara inayopaswa kufidiwa: hupunguza matumizi ya nishati, hurudisha njaa kidogo kidogo, na ule mfuko uliobaki nao huweza kutanuka kadiri miaka inavyokwenda. Hayo si maneno yangu ya kujitetea. Utafiti mkubwa wa Sweden uitwao SOS, ulioanza mwaka 1987 na kuwafuatilia watu wenye unene kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepoteza wastani wa asilimia 32 ya uzito wao baada ya mwaka mmoja hadi miwili, na kufikia mwaka wa 10 upungufu huo ulikuwa umebaki asilimia 25. Huo ni wastani, kwa hiyo wamo waliorejesha kidogo na wamo waliorejesha kingi. Kumbe Wasweden nao wana chapati za usiku. Na bado, pamoja na kilo zilizorudi, waliofanyiwa upasuaji katika utafiti huo walifariki wachache kuliko wenzao ambao hawakufanyiwa, jambo ambalo wale wa hela za kuezekea nyumba hawajawahi kuniuliza.

Wafini nao walifanya utafiti wao, SLEEVEPASS, wakawagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine slivu, wengine baipasi, kisha wakachapisha matokeo ya miaka 10 mwaka 2022. Waliofanyiwa slivu walikuwa wamepoteza kwa makadirio asilimia 43.5 ya uzito uliozidi kiwango cha afya (si ya uzito wote), na wa baipasi asilimia 50.7; uvimbe na michubuko ya umio vilionekana kwa asilimia 31 ya watu wa slivu na asilimia 7 tu ya watu wa baipasi. Kwa maneno mengine, kiungulia changu na kilo zangu vimo katika utafiti mmoja, ni matokeo mawili ya upasuaji mmoja, yanayojulikana na yaliyopimwa kwa watu ambao hawajui hata maandazi yanafananaje. Iweje basi tokeo moja liitwe athari ya upasuaji na la pili liitwe tabia yangu mbaya?

Mtu wa presha akipewa kidonge kimoja na presha ikapanda tena baada ya miaka mitano, daktari humwongezea cha pili, na hakuna mama wa kamati anayemkumbusha bei ya kidonge cha kwanza. Unene tumekubali kuuita ugonjwa wa kudumu pale tu tunapotoa hotuba za siku ya afya duniani. Ukirudi, tunarudi nao kwenye maadili. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyerejesha kilo huacha kwenda kliniki. Haendi kupima vitamini B12, haendi kupima chuma, haendi kuonyesha kiungulia chake, kwa sababu anajua swali la kwanza litakuwa lipi, na anakuja kuonekana baadaye sana akiwa na upungufu wa damu au umio ulioharibika. Namfahamu mmoja aliyeacha kabisa kwenda kwa sababu mizani ya kliniki yao ilikuwa koridoni, na muuguzi alikuwa akitangaza namba kama mnadani.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba slivu inazungukika. Nyama kavu inakwama kifuani, lakini juisi ya miwa, aiskrimu na chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari vinateremka bila kizuizi chochote, na mwenye kuviishi hivyo atarejesha kilo hata angekatwa mara tatu. Ni kweli. Ndiyo maana mtaalamu wa lishe anapaswa kumwona mtu kabla ya upasuaji wa pili, pamoja na mtaalamu wa saikolojia, na wala sioni tusi katika hilo. Tusi ni kudhani jibu kabla ya kuuliza.

Nina ugomvi pia na upande wa pili, yaani wale ambao aibu yetu wameigeuza biashara. Kuna kliniki niliyopigia simu, nikataja uzito na mwaka wa upasuaji wa kwanza, nikapewa tarehe ya kulazwa kabla mtu yeyote hajauliza kama nimefanya endoskopi. Upasuaji wa marudio si wa kwanza uliorudiwa. Ndani kuna makovu, viungo vimeshikamana, mishono inaweza kuvuja, na hatari kwa jumla ni kubwa kuliko mara ya kwanza, wakati kilo zinazoondoka kwa kawaida ni chache kuliko mara ya kwanza. Daktari mwenye uangalifu anataka kwanza kujua kimeharibika nini: je, slivu imetanuka, imejipinda au imebana mahali fulani, je, kuna henia ya kiwambo, yaani sehemu ya juu ya tumbo kupenya hadi kifuani, inayoruhusu asidi kupanda, je, eksirei ya kumeza bariamu inaonyesha nini, damu ina chuma na vitamini kiasi gani? Kama mfuko uko sawa kabisa na tatizo ni njaa iliyorudi, kisu huenda kisiwe jibu la kwanza, na hapo nawaunga mkono wanaosema tusubiri. Kwa mwenye kiungulia kama changu hesabu ni nyingine, kwa kuwa kugeuza slivu kuwa baipasi ndiyo njia iliyozoeleka ya kukituliza, na kilo zitakazoondoka nitazipokea kwa shukrani.

Shangazi yangu, kwa nia njema kabisa, ameshauri niende hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, nikawekewe puto tumboni la kupunguza nafasi ya chakula. Puto haliwekwi kwa mtu ambaye mfuko wake wa chakula umeshakatwa, Shangazi.

Habari ya sindano za kupunguza uzito ni nzito zaidi, na siipuuzi. Katika utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2023, watu waliokuwa wameshafanyiwa upasuaji na wasipungue vya kutosha walipewa liraglutaidi, mojawapo ya sindano hizo, kwa wiki 24, wakapungua wastani wa asilimia 8.8 wakati waliopewa dawa bandia walipungua nusu asilimia. Semaglutaidi na tirzepatidi zina nguvu kubwa zaidi ya hiyo. Kama tatizo langu lingekuwa ni uzito peke yake, ningeanza na sindano kabla ya kisu, na daktari wangu wa sasa anafikiri hivyo pia. Tatizo ni kwamba ukiziacha uzito hurudi, kwa hiyo ni gharama ya kila mwezi isiyo na mwisho, bima yangu haitaki hata kuzisikia, na sindano haitibu asidi. Kwa kweli hupunguza kasi ya tumbo kujimwaga, jambo ambalo mtu wa kiungulia halihitaji. Zile zinazouzwa kwa simu na kuletwa na bodaboda ndani ya mfuko wa barafu iliyoyeyuka, naomba tusizizungumzie; mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya semaglutaidi bandia iliyokamatwa hadi Marekani na Uingereza, sembuse huku kwetu.

Kinachonirudisha nyuma ni mambo madogo ambayo hayamo katika vipeperushi. Baada ya baipasi mtu hatakiwi kutumia diklofenaki wala ibuprofeni, kwa sababu ya vidonda vinavyoweza kutokea pale mfuko ulipounganishwa na utumbo, na mimi naishi katika nchi ambayo diklofenaki hutolewa dirishani kwa maumivu ya mgongo, ya jino na ya moyo uliovunjika. Vitamini, chuma na kalsiamu vitakuwa vya maisha yote, na chupa moja nzuri dukani inauzwa bei ya kilo kadhaa za nyama. Kipimo cha damu kila mwaka nitajilipia. Sehemu kubwa ya mfuko wa zamani itabaki ndani ikiwa imetengwa, mahali ambapo endoskopi ya kawaida haifiki. Hayo ndiyo ninayoyapima usiku ninapokuwa nimekaa kitandani na asidi kooni, na sijawahi hata mara moja kuyapima pamoja na maoni ya kamati ya harusi.

Kwa sasa nimekwama katika jambo la kikaratasi. Daktari wangu anataka ripoti ya upasuaji wa kwanza: walikata kuanzia wapi, walitumia mrija wa kupimia mfuko wa upana gani, waliona henia au hawakuiona, na kama waliiona waliishona? Kutoka hospitali ile nilirudi na begi lenye nembo yao, kitabu cha lishe chenye picha za mboga ambazo huku hazioti, na risiti ya kurasa kadhaa, lakini ripoti haikuwemo, na wala sikuambiwa kwamba ni haki yangu kuidai. Nimewaandikia kuiomba. Walinijibu siku hiyohiyo, kwa lugha ya upole sana, wakiambatanisha bei za upasuaji wa marudio na punguzo kwa mteja wa zamani.