Kijiji kisicho na jina katika vitabu vya watoto

Chukua vitabu thelathini vya hadithi za Kiswahili vilivyochapishwa Tanzania kwa ajili ya darasa la kwanza hadi la nne, uvitandaze mezani, usisome neno, utazame nyumba tu. Itakayojirudia kuliko zote ni ya duara, ukuta wa udongo, paa la nyasi lenye ncha, mwembe kando na kuku wawili uani. Ndani yake anaishi Juma au Asha. Mahali panaitwa "kijiji kimoja". Watu wa hapo wanalima "mazao" na jioni bibi anasimulia hadithi.

Mtoto wa Dodoma akimuuliza babu yake nyumba ya zamani ya Wagogo ilikuwaje, ataambiwa habari za tembe: nyumba ya mstatili, paa bapa la miti lililofunikwa udongo, chini kiasi cha mtu mzima kuinama mlangoni. Wairaqw wa Mbulu na Wahehe wa Iringa nao walijenga matembe. Pwani nyumba ni ya mstatili pia, paa la makuti, baraza mbele. Umasaini nyumba ni fupi, kona zake zimeviringika, imekandikwa kwa samadi, na wajenzi ni wanawake. Msonge wa Wahaya, ambao kweli ni wa duara, nyasi zake hushuka karibu na ardhi, kwa hiyo ule ukuta wa udongo unaoonekana vitabuni haupo. Nyumba inayochorwa kila mahali si ya watoto wote.

Wapo watu wenye hoja nzito wanaoona kwamba hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 iliamua kuwalea watoto wake kwa lugha moja, na sensa ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake ilikuwa ya mwaka 1967. Kitabu cha hadithi kilifuata mkondo huo: mtoto wa Kigoma na wa Mtwara wasome habari za Juma yuleyule, asitokee wa kusema kitabu hiki ni cha wale. Anayekumbuka Kenya ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 walipouawa na majina yao yakiwa kama vyeti vya kupitishwa au kuzuiwa njiani, hawezi kuubeza uamuzi huo.

Hoja yao ya pili ni ya darasani, nami naiona kuwa ndiyo yenye nguvu zaidi. Mtoto wa Kimasai aliye peke yake katika darasa la watoto themanini Temeke, siku mwalimu anapofungua hadithi ya Wamasai, macho yote humgeukia yeye. Kitabu kilichokusudiwa kumpa heshima kinaweza kumpa jina la utani litakalomfuata hadi darasa la saba. Kisha kuna hesabu ya mchapishaji. Toleo la nakala 3,000 au 5,000 linahitaji nchi nzima ili liishe, na anaogopa kwamba hadithi ya Mbulu haitanunuliwa Lindi. Na kuna sababu ya ufundi ambayo wengi hawaitaji: mtoto anayejifunza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, husoma kwa silabi, na Ju-ma au A-sha ni rahisi kwake kuliko jina la Kisukuma kama Ng'wanamalundi.

Hoja hizi nazichukulia kwa uzito wake. Kinachonisumbua ni kwamba upande wa pili haujibiwi, unapachikwa jina. Mwandishi akipeleka mswada unaotaja Waha au Wanyaturu, jibu la haraka ni kwamba analeta ukabila. Ukabila ni kumpa mtu kazi, ardhi au kura kwa sababu ya ukoo wake, au kumnyima kwa sababu hiyohiyo. Hadithi ya mtoto wa Bukoba anayekesha na shangazi zake wakinasa senene mwezi Novemba, kwa taa kali, mabati na mapipa, haimnyimi mtu chochote. Mtoto wa Tanga anayeisoma anapata kitu ambacho "kijiji kimoja" hakiwezi kumpa: hamu ya kujua wenzake wanaishije.

Watanzania wenyewe hawajawahi kuona haya kutajana. Mchaga na Mpare hutaniana hata msibani. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi una mizizi katika safari za misafara ya kale kati ya bara na pwani, na umekuwa njia ya watu wawili kusema "nakujua unakotoka" bila ugomvi. Majina Kulwa na Doto ya mapacha yalitoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi, leo yanaitwa nchi nzima na hakuna aliyeyakataa kwa ajili ya umoja. Ni kweli kwamba utani ni mchezo wa watu wanaoweza kujibizana, na mtoto aliye peke yake darasani hawezi. Lakini hilo linatudai hadithi nyingi za jamii nyingi, ili zamu ya kutazamwa imfikie kila mmoja. Hatari ya yule mtoto wa Temeke ni kubwa zaidi pale kitabu kinapokuwa kimoja tu.

Halafu huyo Juma wa watu wote ana kwao. Jina lake na la Asha ni ya Kiislamu, na kwa muda mrefu yamebeba sura ya Pwani. Chakula chake sikukuu ni pilau, nguo ya mama yake ni kanga. Nyumba yake si ya Pwani hata kidogo. Kwa hiyo mtoto wa Bagamoyo naye hajioni, amekopwa jina na vazi tu. Mtoto wa Kihindi au wa Kiarabu aliyezaliwa Zanzibar au Mwanza hayumo kabisa, labda kama mwenye duka.

Mjadala huu mara nyingi huja kwetu ukiwa umevaa nguo za Marekani, na hapo ndipo unapopotea. Kule kilio kilianza kwa hesabu: mwaka 1985 kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison kilikuta kwamba kati ya vitabu vya watoto takribani 2,500 vilivyochapishwa mwaka huo, vilivyoandikwa au kuchorwa na Wamarekani weusi vilikuwa 18. Ukileta kipimo hicho Dar es Salaam utapata alama za juu, maana waandishi ni Waafrika na wahusika ni Waafrika. Watu wanaridhika hapo na kufunga daftari. Kipimo chetu kinahitaji safu nyingine. Kwa kila kitabu andika jina la mahali, aina ya nyumba, zao lililotajwa kwa jina lake, kazi ya mama na kazi ya baba, na neno moja la lugha ya nyumbani. Safu zitakazobaki tupu ndizo jibu, na shule yoyote yenye kabati la vitabu inaweza kufanya zoezi hili kwa siku moja.

Nyumba ya duara haiingii kitabuni kwa nia mbaya. Inaingia kupitia karatasi ya maelekezo anayopewa mchoraji. Kitabu cha kurasa 24 huwa na michoro 12 hadi 20, mchoraji yuko mjini, analipwa kwa mchoro, ana wiki chache. Karatasi inasema: "Ukurasa wa 5: Asha yuko nje ya nyumba yao kijijini." Basi. Anachora nyumba aliyoiona katika kitabu alichosoma utotoni, na huyo aliyekichora naye alifanya vivyo hivyo. Maelekezo yanayofaa hutaja wilaya, msimu, umbo la paa, ukuta ni wa nini, chombo cha kuchotea maji, mavazi ya siku ya kazi na zao lililo shambani mwezi huo, na huambatana na picha tatu za kweli. Kisha michoro ya penseli, kabla ya rangi, ipelekwe kwa watu wawili wa hapo mahali, mmoja mzee na mmoja kijana. Wakati wa penseli kosa hufutwa kwa saa moja. Baada ya rangi mchoro unarudiwa wote, na hapo mhariri husema "watoto hawatagundua". Hugundua.

Rangi ya ngozi nayo ina shida yake. Karatasi isiyopakwa, ile ya gramu 70 au 80 inayotumika kupunguza gharama, hunywa wino na nukta za rangi hutanuka. Uso wa kahawia iliyokolea, uliojengwa kwa rangi zote nne za wino wa uchapaji, hufifia macho na midomo ukawa doa moja. Wachoraji wamejifunza kukwepa hilo kwa kuwapauza watoto wote hadi kahawia moja ya maziwa. Dawa yake ni kupunguza jumla ya wino kwenye nyuso, kuacha mwanga wa wazi kwenye paji la uso na pua, na kudai karatasi ya majaribio kutoka mashine ileile itakayochapa. Mtoto mweusi sana wa Kimakonde na mwenzake mwenye ualbino wanaweza kukaa dawati moja kwenye ukurasa mmoja, kila mmoja na uso wake.

Wanaojaribu nao hukosea. Kosa la kwanza ni kuzitaja jamii siku ya ngoma tu: Mmasai ana mkuki, Mhadzabe yuko porini na amesimuliwa kana kwamba ni mtu wa kale, wakati watoto wa Kihadzabe wa bonde la Eyasi wako shuleni leo. La pili linaonekana zaidi katika vitabu vya Kenya, ambako darasa moja la hadithi lina Otieno, Wanjiku, Mutua na Chebet, majina yamesawazishwa kwa uangalifu, na baada ya majina hakuna kingine kinachowatofautisha. La tatu ni kuganda: nyumba nyingi za Ugogo sasa zina bati, na kitabu chenye matembe matupu kinadanganya kama chenye misonge. Ninachokitetea ni hadithi ya kawaida, ya daftari lililopotea au mbuzi aliyekula shati la shule, iliyowekwa mahali panapojulikana.

Hata ile hoja ya silabi ina njia. Ka-bu-la, Ma-ze-ngo, Na-si-e-ku: Msukuma, Mgogo na Mmasai, na mtoto wa darasa la kwanza anayasoma. Ng'wanamalundi asubiri darasa la tatu. Maneno ya nyumbani yasizidi manne au matano katika kurasa 24, na kila moja lielezwe na mchoro au sentensi inayofuata. Faharasa ya mwisho wa kitabu mtoto wa umri huo haifungui.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliwahimiza wananchi na mashirika kuziandika, kuzihifadhi na kuzitafsiri lugha za jamii, kwa hiyo kikwazo si sheria. Kikwazo ni soko, na hapo mchapishaji hana kosa kubwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991 Dar es Salaam, ulionyesha kwamba mchapishaji akihakikishiwa mnunuzi wa sehemu kubwa ya toleo huthubutu. Tuzo ya Burt iliyoanza mwaka 2008 ilifanya hivyohivyo kwa vitabu vya vijana vya Kiingereza, nao waandishi wakaandika Kiingereza. Wanaonunua kwa maelfu leo, yaani serikali, wafadhili na mashirika ya maktaba, huweka masharti ya idadi ya kurasa, uzito wa karatasi na kiwango cha darasa. Wakiongeza mstari mmoja unaodai jina la wilaya na saini za wasomaji wawili wa hapo kwenye michoro ya penseli, wahariri wataanza kuzitafuta hizo saini kabla mchoraji hajalipwa malipo ya kwanza.