Dema la oili

Jamani hii naihadithia mwenyewe kabla watu wa Chake hawajaihadithia, maana wao wakianza wanatia chumvi na haihitaji chumvi wallahi.

Mie nina Altezza ya silinda sita, niliivusha kwa meli kutoka Unguja mpaka Mkoani na tokea siku ile nikajiona dereva wa mashindano. Pemba si kama Unguja bwana, huku kuna vilima, na barabara ya zamani ya Chake hadi Wete ukimaliza kona moja ya pili ishakungoja. Basi ikawa kila nikikata zile kona ndefu za kulia, taa nyekundu ya oili, ile yenye picha ya kibirika, inawaka pyap, nikinyoosha inazima. Barazani wakanambia waya umelegea huo. Nikawacheka. Nikatia bando, nikakesha siku tatu naangalia magari ya mashindano ya Uingereza na Marekani, na siku ya nne nikashuka barazani kama profesa.

Nikawaambia hivi, oili inakaa chini kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, na pampu inainywa kwa mdomo mmoja tu, strena. Chukua bakuli la uji ulizungushe kwa nguvu, uji utapanda ukuta mmoja na upande wa pili utauona mkavu. Na gari ndo hivyo hivyo, ukikata kulia oili inakimbilia kushoto, na kwa yale magari yenye tairi za kunata yanayofika g moja, yaani kona inayasukuma pembeni kwa nguvu sawa na uzito wao, oili inalala nyuzi 45 kabisa! Strena inabaki inanyonya upepo. Na beringi za konrodi, zile ambazo mikono ya pistoni inashikia kwenye mhimili wa injini, hazina kitu chengine cha kuziokoa, zinaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele, utando ukikatika sekunde chache tu chuma kinakula chuma. Mzee mmoja akaniuliza, sasa wewe na tairi zako za mtumba unafika g ngapi? Nikajifanya skumsikia.

Wenzetu wana dawa zao. Wenye pesa wanaweka oili kwenye tangi refu pembeni, chini ya injini hamna ziwa la oili, pampu zinaifagia na kuirudisha tangini. Wengine wanafunga mtungi wenye presha, ikishuka tu unasukuma oili ndani. Wengine wanazidisha oili kidogo, ila ukizidisha sana krenki, ule mhimili wa injini, inaipiga mpaka inakuwa povu kama sabuni na povu halilainishi kitu. Na wengine, hapa ndo niliponasa, wanajenga kichumba cha bati kuizunguka strena na vimilango vya bawaba vya upande mmoja, oili inaingia, ikitaka kutoka vinajifunga. Nikaruka kitandani. Hili si dema hili! Samaki anaingia hatoki. Sisi Wapemba tunalo tokea enzi za mababu, wazungu wanaliuza kwa madola.

Nikaenda kwa jamaa anayechomea mageti (usiniulize kwa nini sikwenda kwa fundi wa injini, fundi wa injini angenikataza). Nikamshushia sampu mezani, nikamwambia nifanyie dema humu, milango iwe ya upande mmoja. Akasema hiyo kazi ya nusu saa. Akatoa bawaba za kabati, akachoma, akapiga na rangi. Nikafunga, nikatia oili mpya, nikawasha, taa ikazima. Nikapiga picha.

Jumamosi yake mama mkwe ana shughuli Wete, nikamwambia mama usipande daladala nitakupeleka mie. Tumetoka Chake vizuri, kona ya kwanza kimya, ya pili kimya, nikaanza kumwelezea mkwe habari za dema langu, ya tatu kibirika kikawaka na safari hii hakikuzima. Nikasema kitazima. Mkwe akasema baba, mbona inagonga? Kweli, chini inapiga ko ko ko ko kama mtu anatwanga kisamvu, halafu kh, ikazima, moshi huo.

Na pa kusimama nikapapata wapi, pembeni ya mkeka wa karafuu! Mzee katoka mbio anapiga makelele, sogeza hiyo gari we kijana, karafuu zangu zikinuka oili ZSTC, shirika la serikali linalozinunua, watanipa daraja la mwisho! Nikamwambia mzee wangu shikamoo, gari haina uhai tena. Akasema basi sukuma. Tukasukuma, mie na mzee na vijana wawili, na mkwe na buibui lake kashika mlango anasema bismillahi, tukaipandisha kile kilima kama jeneza. Shughuli akaiwahi kwa daladala. Hakusema kitu, na hicho ndo kilichoniuma.

Injini imenoki, beringi mbili zimesagika unga. Tulipofungua sampu kwa fundi wa kweli, vimilango vyote vinafungukia nje. Oili ilikuwa ikitoka kwa strena kila kona kwa heshima zote, ikitaka kurudi inakuta pamefungwa, inapenya kidogo kidogo kwenye nyufa za bati. Ndo maana gari ikiwa imesimama taa ilizima. Nikampigia yule wa mageti nimejaa hasira. Akanijibu taratibu kabisa, "Si uliniambia dema? Hukunambia samaki yuko upande gani."

Nikawa sina jibu. Fundi huku anafuta mikono ananiuliza, ile mara ya kwanza kabisa, taa ilipoanza kuwaka kwenye kona, kabla ya madema yote haya, ulipima oili kwa ile fimbo ya geji? Maana mara nyingi ikiwa hivyo gari ina kiu tu, oili imeshuka, unaongeza lita moja unakwenda zako.

Nikamuuliza geji iko wapi.